Shajara ya mradi: Kuendesha The Witcher 3 kwa GTX 750 Ti yenye GB 2

2 Novemba 2025: Swali, kipimo na vifaa

Swali la mradi huu ni moja: je, kadi ya michoro ya GeForce GTX 750 Ti yenye kumbukumbu ya GB 2, iliyotoka Februari 2014, inaweza kuendesha mchezo wa kompyuta wa The Witcher 3: Wild Hunt kiasi cha mtu kukaa na kucheza saa tatu mfululizo bila kukereka? Sisemi kufunguka, kwa sababu mchezo hufunguka hata kwenye mashine zisizouweza, nasema kuchezeka. Nimejiwekea kipimo mapema ili nisije nikakilegeza baadaye kwa kuionea huruma kadi: wastani wa fremu 30 kwa sekunde au zaidi, na zile fremu asilimia 1 zilizo polepole kuliko zote zisishuke chini ya kasi ya 25, katika kila njia ya majaribio.

Mchezo ulipotoka tarehe 19 Mei 2015, mahitaji ya chini yaliyotangazwa yalikuwa GTX 660 au Radeon HD 7870, prosesa ya Core i5-2500K na RAM ya GB 6. GTX 750 Ti ilizaliwa baada ya GTX 660, lakini ni ndogo kuliko hiyo. GTX 660 ina viini 960 na njia ya kumbukumbu yenye biti 192 inayopitisha takriban GB 144 kwa sekunde, ilhali 750 Ti ina viini 640, biti 128 na GB 86.4 kwa sekunde. Sifa yake kubwa ni usanifu wa Maxwell, unaofanya kazi nyingi zaidi kwa kila kiini, pamoja na matumizi ya wati 60 ambazo zote hutoka kwenye sloti ya ubao mama, kwa kuwa sloti hiyo inaruhusiwa kutoa hadi wati 75. Ndiyo maana kadi hii imeingia kwenye kompyuta nyingi zilizotoka ofisini, ambazo pawa saplai zake hazina kebo ya ziada ya kadi ya michoro. Kwa karatasi, basi, iko chini kidogo ya mstari, na hapo ndipo penye haja ya kupima badala ya kubishana.

Mashine yenyewe ni mnara wa aina hiyo hiyo: Core i5-3470, stiki moja ya RAM ya DDR3-1600 yenye GB 8, diski ngumu ya mizunguko 7200, pawa saplai ya wati 240, Windows 10 na skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 yenye 60 Hz.

Mchezo huu hauna jaribio la ndani la kupima kasi, kwa hiyo nimechagua njia tatu za sekunde 60 kila moja: kupanda farasi kupita katikati ya kijiji cha White Orchard, kutembea ndani ya kinamasi cha Crookback Bog ambako majani ni mengi kupita kiasi, na kukimbia sokoni Novigrad ambako umati wa watu huielemea prosesa. Kila njia naipita mara tatu, adhuhuri ya mchezoni, kwa kuanzia kwenye hifadhi ile ile, yaani mahali pale pale nilipouhifadhi mchezo. Mzunguko wowote ulionyeshewa mvua naufuta, kwa sababu mvua peke yake inaweza kubadilisha namba kuliko badiliko ninalolipima. Katika shajara hii yote, 24/9 maana yake ni wastani wa fremu 24 kwa sekunde, na 9 kwa zile asilimia 1 zilizo polepole kabisa.

5 Novemba 2025: Jaribio la kwanza limeshindwa

Usakinishaji haukuwa na la kusimulia. Draiva ya zamani niliifuta kabisa kwa Display Driver Uninstaller, nikaweka ya tawi la 580, ambalo ndilo la mwisho kuzipa kadi za Maxwell draiva za kawaida za michezo. Baada ya Oktoba 2025 NVIDIA imezibakizia masasisho ya usalama tu. Mchezo, katika toleo lake la 4, ulichukua zaidi ya GB 50 za diski.

Dirisha la kuanzishia hukupa hiari ya DirectX 11 au DirectX 12, yaani matoleo mawili ya lugha ambayo mchezo huitumia kuiamuru kadi. Nilichagua 12 kwa kudhani kwamba kilicho kipya ndicho bora, nikashusha mipangilio yote hadi chini kabisa na kuacha pikseli 1920 kwa 1080. White Orchard ikatoa 17/5. Ardhi ilikaa sekunde kadhaa ikiwa kama imepakwa ukungu kabla ya mawe na nyasi kujitokeza, farasi alikuwa akiruka kutoka sehemu moja hadi nyingine badala ya kukimbia, na dakika ya 11 mchezo ukajifunga wenyewe. Crookback Bog na Novigrad sikufika.

Nilikaribia kuandika hapa kwamba jibu ni hapana na kufunga shajara. Kilichonizuia ni mstari mmoja kwenye rekodi za MSI Afterburner, programu inayofuatilia kazi ya kadi: matumizi ya kadi yalikuwa kati ya asilimia 55 na 70. Kadi iliyozidiwa nguvu hufanya kazi kwa asilimia 97 au 99 muda wote, kwa kuwa haina nafasi ya kupumzika. Hii yangu ilikuwa ikisubiri kitu, na kumhukumu anayesubirishwa kwamba ni mvivu si haki. Gharama ya siku: saa 6, nyingi zikiwa za kungoja upakuaji.

8 Novemba 2025: Kurudi DirectX 11

Badiliko moja tu, hiari ya DirectX 11 kwenye dirisha la kuanzishia. White Orchard 24/9, Crookback Bog 19/8, Novigrad 16/6. Mchezo haukujifunga tena.

Sababu inafaa kuelezwa, kwa kuwa wengi wenye kadi za GB 2 watakosea nilipokosea. Katika DirectX 11, draiva ndiyo inayopanga kipi kikae ndani ya kumbukumbu ya kadi na kipi kitolewe pakijaa. Katika DirectX 12 kazi hiyo kwa sehemu kubwa hukabidhiwa mchezo, na mchezo ulioandaliwa kwa kadi zenye nafasi kubwa hauna subira na kadi yenye GB 2. Juu ya hayo, DirectX 12 ya mchezo huu hupitia tabaka la kutafsiri amri za DirectX 11 kwenda 12, na utafsiri huo huilia prosesa muda. Manufaa ya DirectX 12, yaani miale ya mwanga na teknolojia za kukuza picha kama FSR 2, yaliletwa na sasisho la Desemba 2022. Miale hiyo kadi hii haiiwezi hata kidogo, na FSR 2 haikunisaidia kitu ilhali kilichojaa kilikuwa kumbukumbu.

Namba zimepanda, lakini kukwama kumebaki pale pale. Kila nikigeuza kamera kwa haraka, picha inaganda kwa robo ya sekunde.

12 Novemba 2025: Joto, na kosa la skrubu

Joto la kadi lilikuwa likifika nyuzi 84, na kasi ya kiini ikishuka chini ya 1020 MHz ambayo ndiyo kasi yake ya msingi. Nilifungua kipoza joto nikakuta krimu ya kupitisha joto imekauka na kuwa vumbi la kijivu. Niliifuta kwa pombe ya kusafishia, nikapaka mpya kiasi cha punje ya mchele, nikarudisha skrubu nne, nikawasha nikitarajia nafuu kubwa. Joto likawa nyuzi 79.

Kosa lilikuwa langu: nilikaza skrubu moja hadi mwisho kabla ya kuigusa ya pili, na kipoza joto kikakaa upande. Nilipokifungua tena, krimu ilikuwa imetandazika kwenye nusu tu ya chipu, ushahidi usiohitaji maelezo. Mara ya pili nilikaza kwa mshazari, nusu mzunguko kila skrubu, nikizunguka mara tatu au nne hadi zote zikagoma pamoja. Joto lilitulia kwenye nyuzi 63, na kasi ya kiini ikakaa juu ya 1085 MHz bila kutetereka.

White Orchard 26/9, Crookback Bog 21/8, Novigrad 16/6 vile vile. Kwa hiyo joto lilikuwa likiiba fremu mbili za wastani, lakini halikuwa na uhusiano wowote na kukwama. Nimeandika hili kwa sababu ushauri wa kwanza ambao kila mtu hupewa ni kubadilisha krimu. Ni ushauri mzuri kwa afya ya kadi, ila usiutarajie utibu ugonjwa ambao si wake. Gharama: saa 3, na krimu ya kupaka mara mbili.

16 Novemba 2025: Kadi ilikuwa kwenye sloti isiyo yake

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote ya mradi, na nililifanya kabla hata mradi haujaanza.

Nilifungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi ya michoro, kutafuta kitu kingine kabisa, nikaona mahali panapoonyesha muunganisho wa kadi na ubao mama pameandikwa x4 1.1, yaani njia 4 za kizazi cha kwanza. Mwanzo nilipuuza, kwa kuwa kadi ikiwa imepumzika hujishusha ili kuokoa umeme, na namba ya mwisho hupotosha. GPU-Z ina kitufe kidogo pembeni ya mstari huo kinachoipa kadi kazi ya muda ili usome namba ya kweli. Nilikibofya, na namba ikapanda kutoka 1.1 hadi 2.0, lakini x4 haikubadilika. Kadi hii hutakiwa kusomeka x16 3.0 kwenye ubao huu.

Mnara una sloti mbili ndefu zinazofanana kwa umbo. Ya juu imeunganishwa na prosesa kwa njia zote 16. Ya chini ina urefu ule ule, lakini ndani yake mna njia 4 tu za kizazi cha pili. Niliposakinisha kadi nilichagua ya chini kwa sababu nyaya za diski zilipita mbele ya ile ya juu, na sikuona sababu ya kuzisumbua. Tofauti ni hii: sloti ya juu hupitisha karibu GB 16 kwa sekunde, ya chini GB 2.

Kwa mchezo unaoenea ndani ya kumbukumbu ya kadi, tofauti hiyo huonekana kidogo mno, na ndiyo maana kadi hii ilikaa muda mrefu ikicheza michezo myepesi bila mimi kushuku lolote. Lakini GB 2 zikifurika, teksicha, yaani zile picha zinazofunika kuta, ardhi na nguo, huanza kwenda na kurudi kati ya RAM na kadi katikati ya mchezo. Hapo kila fremu inayohitaji kitu kisichokuwamo husimama mpaka kifike, na mzigo wa barabara kuu nilikuwa nimeulazimisha upite njia ya mguu. Kule kungoja kulikoonekana tarehe 5, kadi ikitumika kwa asilimia 60, sasa kumepata maelezo.

Nilipanga nyaya upya kwa vibanio vya plastiki, nikahamishia kadi juu, nikahakikisha GPU-Z inasoma x16 3.0. White Orchard 28/19, Crookback Bog 23/17, Novigrad 19/11. Wastani umepanda kidogo tu. Namba ya pili, ile inayoamua kama mkono utauamini mchezo, imeongezeka maradufu au karibu na hapo. Ningepima wastani peke yake ningesema badiliko hili halina maana, na ningekuwa nimekosea sana. Gharama: dakika 40 za kazi, baada ya siku 11 za kutafuta kwingine.

21 Novemba 2025: Stiki ya pili ya RAM

Novigrad imebaki nyuma ya njia nyingine mbili, na huko prosesa inafanya kazi kwa asilimia 100 wakati kadi haijafika 80. Core i5-3470 si prosesa dhaifu kwa mchezo huu, lakini stiki moja ya DDR3-1600 huipa GB 12.8 kwa sekunde tu, na stiki mbili zikikaa kwenye chaneli mbili, yaani njia mbili za RAM kwenda kwa prosesa, huipa prosesa hiyo hiyo GB 25.6. Nilitoa stiki ya GB 8 inayofanana na hii kwenye mashine nyingine iliyoharibika ubao mama.

Nilikosea tena. Niliichomeka kwenye nafasi iliyo jirani na ya kwanza, Windows ikaona GB 16, nikapima na kupata Novigrad 20/12. Karibu niandike kwamba RAM haisaidii. CPU-Z, programu inayosoma taarifa za prosesa na RAM, kwenye ukurasa wake wa kumbukumbu ilionyesha kwamba chaneli bado ni moja, kwa sababu kwenye ubao huu nafasi mbili zilizo jirani ni za chaneli moja. Rangi za plastiki ndizo zinazoonyesha jozi, nami sikuzitazama. Niliihamishia kwenye nafasi yenye rangi sawa na ya kwanza, na Novigrad ikapanda hadi 26/17. White Orchard 29/21, Crookback Bog 24/18.

Kosa hili limenipa kitu ambacho nisingekipata kwa kupatia. Kama ningeweka stiki mahali pake mara ya kwanza, ningebaki nikijiuliza kama nafuu imeletwa na GB 8 za ziada au na chaneli ya pili. Sasa najua: kutoka GB 8 hadi 16 katika chaneli moja kumeleta fremu moja, kutoka chaneli moja hadi mbili kumeleta sita. Mwenye stiki mbili za GB 4 amekaa vizuri kuliko mwenye moja ya GB 8, alimradi hafungui programu nyingine nyuma ya mchezo.

24 Novemba 2025: SSD

Nimehamishia mchezo kwenye SSD, yaani diski isiyozunguka, ya zamani ya SATA. Kungoja hifadhi ifunguke kumeshuka kutoka dakika 1 na sekunde 50 hadi sekunde 38. Wastani haukusogea popote; Novigrad imekuwa 26/19. Inafaa, ila si ya lazima.

30 Novemba 2025: Toleo 1.32, na saa tisa zilizopotea

Sasisho la 4 liliongeza ubora wa teksicha, majani na vivuli, na hata mipangilio ikiwa chini kabisa mchezo si ule ule wa mwaka 2015. Msanidi, kwa uungwana unaostahili kusemwa, ameacha toleo la zamani la 1.32 lipatikane kwa anayelitaka: kwenye duka la michezo la Steam huchaguliwa katika sifa za mchezo, mahali pa matoleo ya majaribio. Nililipakua.

Hifadhi zangu zote tatu zikakataa kufunguka. Zilitokana na uchezaji wa zamani ambao ungefunguka bila shida, lakini mwanzoni mwa Novemba nilizifungua katika toleo la 4, nikasogea hadi mahali pa kuanzia kila njia, nikahifadhi upya, kisha nikafuta zile za mwanzo ili orodha isinichanganye. Hifadhi ya toleo jipya hairudi nyuma kwenye toleo la zamani. Ilinibidi nicheze upya kutoka mwanzo hadi Crookback Bog na Novigrad, na kazi hiyo ilikula saa 9 kwa siku nne. Anayenifuata na anakili folda ya hifadhi, iliyo ndani ya Documents, aiweke nje kabla hajagusa chochote.

Saa hizo zimelipa. Kwa pikseli 1920 kwa 1080 na mipangilio ya chini: White Orchard 36/29, Crookback Bog 29/24, Novigrad 33/23. Matumizi ya kumbukumbu ya kadi yameshuka kutoka kujaa kabisa hadi GB 1.6, na kwa mara ya kwanza kadi inatumika kwa asilimia 98 White Orchard. Sasa ndiyo inayofanya kazi, haisubiri tena.

6 Desemba 2025: Mipangilio, mmoja baada ya mwingine

Hadi hapa kila kitu kilikuwa chini, na sura ya mchezo ilinihuzunisha. Nyuso za watu zilikuwa na ukungu na vilima vya mbali vilikuwa vipara. Mchezo wenye mandhari ya namna hii haustahili kuonwa hivyo kama kuna njia nyingine, kwa hiyo nilitumia siku nne kupandisha mpangilio mmoja, kupima njia zote tatu, na kuurudisha.

Mpangilio mzito kuliko wote ni umbali wa kuonekana kwa mimea. Kuutoa chini hadi kati kumegharimu fremu 5 Crookback Bog, na kuutoa kati hadi juu kumegharimu nyingine 6. Vivuli vinafuata, kwa fremu 3 kutoka chini hadi kati. Nywele za HairWorks, teknolojia ya kuchora nywele na manyoya kwa undani, zisiwashwe kabisa. Mapambano na kundi la mbwa mwitu yalishuka hadi fremu 14 zilipowashwa. Msongamano wa nyasi ni fremu 2 kwa kila ngazi. Maji na idadi ya watu wa pembeni sikuona vikibadilisha chochote cha kupimika, hata Novigrad, ambako nilitarajia watu wawe mzigo.

Teksicha ndizo zilizonishangaza. Kuzitoa chini hadi kati hakukula hata fremu moja, kwa sababu teksicha hulipiwa kwa nafasi ya kumbukumbu, na nafasi ilikuwepo. Juu ya hapo matumizi yalifika GB 1.9, na ingawa wastani haukushuka, Novigrad ilianza tena ule mgando wa robo sekunde nilioufukuza tarehe 16. Kati ndiyo pake. Miezi mingi nilikuwa nikishusha teksicha kwanza kila mchezo ulipokuwa mzito, na hapa kitendo hicho kingeniharibia picha bila kunilipa chochote.

Kisha nikashusha pikseli hadi 1600 kwa 900. Ukungu kidogo wa kukuza picha hurekebishwa na mpangilio wa kunoa picha uliomo ndani ya mchezo, ambao karibu hauna gharama. Mwisho nimebaki na: teksicha kati, mimea kati, vivuli chini, nyasi chini, ardhi kati, watu wa pembeni kati, maji juu, vivuli vya kwenye pembe na mikunjo ya vitu kwa njia ya SSAO, kunoa picha juu, ukungu wa mwendo na kina cha lenzi vimezimwa. White Orchard 43/35, Crookback Bog 35/29, Novigrad 37/27. Kipimo cha tarehe 2 Novemba kimetimizwa katika njia zote.

10 Desemba 2025: Kikomo cha fremu

Namba zimefaulu, lakini jicho bado liliona mtetemo, kwa sababu kasi inayopanda na kushuka kati ya 27 na 43 kwenye skrini ya 60 Hz haitulii. Niliweka kikomo cha 30 kilichomo mchezoni. Hakikufaa: RivaTuner, programu inayopima fremu na kuziwekea kikomo, ilionyesha fremu zikipishana, moja ya milisekunde 25 ikifuatwa na ya 41, ilhali 30 kwa sekunde inadai kila fremu ichukue 33.3. Nilipoongeza kikomo cha RivaTuner juu ya hicho, mstari ulinyooka, ila upanga ulichelewa kuitikia kitufe, kwa kuwa vikomo viwili vilikuwa vikingojana. Dawa ni kuondoa kabisa kikomo cha mchezo na kubaki na cha RivaTuner peke yake. Muda wa fremu sasa ni 33.3 ulionyooka, na 30 iliyotulia inachezeka kuliko 40 inayoyumba. Nimejaribu zote mbili kwa saa kadhaa na sina shaka.

13 Desemba 2025: Kuipandisha kadi kasi

Nilipandisha kumbukumbu ya kadi kutoka MHz 5400 za kuhesabiwa hadi 6100. Vimulimuli vya rangi vilijitokeza angani baada ya dakika 20. Kwa 5800, na kiini kikiongezwa MHz 100, ilitulia saa mbili. Crookback Bog ilipanda kutoka 35/29 hadi 38/31. Kwa kuwa nacheza kwa kikomo cha 30, faida hiyo ni akiba tu; nimeiacha kwa ajili ya mapambano yenye moto na moshi mwingi, ambako akiba hutumika.

20 Desemba 2025: Saa tatu mfululizo

Nimecheza saa tatu bila kusimama, nikianzia Novigrad, nikashuka jimbo la Velen, nikamalizia kinamasini Crookback Bog. White Orchard, niliyoipima peke yake asubuhi, ni 30/29, Crookback Bog 30/28, Novigrad 30/26. Joto halikuzidi nyuzi 65. Mchezo haukujifunga, na mgando niliouhesabu kwa macho ulikuwa minne, yote wakati wa kuvuka lango la Novigrad kwa farasi anayekimbia. Kipimo cha umeme ukutani kilisoma wati 105 kwa mashine nzima, skrini ikiwa nje ya hesabu, kwa hiyo pawa saplai ya wati 240 haikufika hata nusu ya uwezo wake.

Jumla ya gharama: saa 46, tisa kati ya hizo zikiwa za hifadhi zilizopotea; stiki moja ya RAM na SSD moja kutoka mashine zilizokufa; krimu kidogo. Kama ningeanza upya ningefuata mpangilio huu: kunakili hifadhi nje, kusoma sloti kwa GPU-Z, kusoma chaneli kwa CPU-Z, toleo 1.32, kisha kikomo cha RivaTuner. Hatua hizo tano haziwezi kuzidi jioni moja, na pamoja na mipangilio ya tarehe 6 ndizo zilizotoa mchezo kwenye 17/5 ukafika hapa. Faili ya user.settings yenye mipangilio ya tarehe 6 nimeifungia isiandikwe tena, kwa sababu mara mbili mchezo ulijirudishia pikseli 1920 kwa 1080 wenyewe baada ya draiva kusakinishwa upya.